Uchafu Unaoaibisha na Uchafu Unaodhuru

Wahenga walinena: kitunze kikutunze. Ni methali ambayo sisi walimu tumeiandika ubaoni mara zisizo na idadi, na wanafunzi wetu wakaikariri kwa sauti moja, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kutunza ni nini hasa. Wengi wetu tukilisikia neno hilo hufikiria usafi. Atunzaye nyumba ni yule aifagiaye, atunzaye nguo ni yule azifuaye, na atunzaye gari ni yule aliosháye kila Jumamosi hadi likang'aa. Katika insha hii nataka kuchunguza kama hivyo ndivyo ilivyo. Nitatumia mfano ulio karibu nami sana, yaani gari langu jeupe, ambalo naliendesha na kuliosha mwenyewe hapa Dodoma. Ndugu msomaji asiharakishe kucheka. Jambo dogo, likitazamwa kwa utulivu, aghalabu hutufundisha kuliko mahubiri marefu.

Asiyeijua Dodoma ni vema aelezwe kwanza. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Udongo wetu ni mwekundu, na vilima vyetu ni vya mawe ya matale ambayo kwa karne na karne yamekuwa yakisagika na kuwa mchanga. Kweli, barabara kuu sasa zina lami, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, mji umekua mbele ya macho yetu. Lakini ujenzi nao huzaa vumbi, na mitaa ya pembeni kama huu wetu bado ni ya udongo. Maji nayo hutoka visimani, chini sana ardhini, nayo ni magumu. Kila mama wa nyumba anayaelewa kwa kuitazama birika yake ndani. Tone la maji hayo likikaukia juu ya bati lililopata jua huacha kiduara cheupe ambacho hakitoki kwa kufuta mara moja.

Katika mazingira hayo nilinunua gari jeupe. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, nami niliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Si gari la fahari. Limewapeleka wajawazito hospitalini usiku wa manane, limewabeba wafiwa, limebeba mbegu za alizeti na mifuko ya saruji. Pensheni yangu haiwezi kuninunulia jingine, wala haiwezi kumlipa fundi wa kulipiga rangi upya bila nyumba kuingia katika dhiki. Kwa hiyo rangi hiyo iliyopo ndiyo nitakayokuwa nayo hadi mwisho. Nami naijali si kwa sababu ya uzuri tu. Rangi ni ngozi ya gari. Pale inapotoka, bati hubaki uchi, na bati lililo uchi huliwa na kutu hadi unaweza kupitisha kidole.

Ninaye rafiki mmoja wa siku nyingi, tuliyesoma naye chuo cha ualimu Mpwapwa tukiwa vijana, naye sasa amestaafu kama mimi. Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba alinikuta uani na ndoo zangu. Akasimama, akaegemea bakora yake, akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "unaosha gari au unaosha macho ya majirani?"

Nikamjibu kwamba naosha gari.

"Kesho vumbi litarudi. Keshokutwa vivyo hivyo. Na pale kwenye bomba kuna akina mama wamepanga foleni tangu alfajiri."

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, nami sikulitafuta. Hoja zake zilikuwa mbili, na zote mbili zilistahili heshima. Ya kwanza ilikuwa kwamba kazi isiyo na mwisho ni kazi ya bure. Ya pili ilikuwa kwamba usafi wa mmoja haufai kununuliwa kwa kiu ya wengine. Tangu siku ile nimezifikiria sana, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na rangi yenyewe. Mtu akilitazama gari huona kitu kigumu cha chuma, akadhani rangi nayo ni ngumu vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba tabaka zote za rangi juu ya gari, tangu praima ya chini hadi tabaka la juu kabisa, zikiwekwa pamoja zina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi hapo kidogo. Chukua karatasi moja ya kuandikia, ishike kwa vidole viwili. Unene huo ndio unaolitenga bati na jua, chumvi, maji na hewa. Tabaka la juu peke yake, katika magari yenye tabaka linaloangaza, ni nusu tu ya hapo au pungufu. Katika baadhi ya magari meupe ya zamani tabaka hilo halikuwekwa kabisa: nyeupe yenyewe ndiyo ya mwisho.

Sasa tuliangalie vumbi. Mwaka 1812 mtaalamu mmoja Mjerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu wake, kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha dirisha huangukia kama kwenye 5 na nusu. Kwatzi, ambayo ni sehemu kubwa ya mchanga utokanao na matale, ipo kwenye 7. Maana yake ni kwamba chembe ya mchanga wetu inaweza kukikwaruza kioo, sembuse rangi. Chembe hiyo ikitua juu ya bonneti na kukaa kimya, haifanyi lolote. Inangoja tu. Madhara huanza pale mtu anapokuja na kitambaa kikavu, akaanza kufuta kwa kuzungusha mkono. Kwa wakati ule hana tena kitambaa mkononi, ana msasa. Anaondoa vumbi, naam, lakini pamoja na vumbi anaondoa rangi, kidogo sana, kiasi kwamba jicho haliwezi kuona. Bandu bandu huisha gogo.

Magari meupe yana ushahidi wake wa pekee. Weupe wa rangi za siku hizi hutokana na unga wa oksidi ya titani, ulioanza kutengenezwa viwandani mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuchukua mahali pa weupe wa risasi uliokuwa sumu. Unga huo umeshikwa na gundi. Jua kali likiipiga rangi mwaka baada ya mwaka, gundi huchoka, na unga hubaki juu bila mshikaji. Ukipitisha kiganja juu ya gari jeupe lililozeeka, kiganja hutoka cheupe. Mtu aliyeishi na chaki miaka zaidi ya thelathini hawezi kukosea: ni kama kupitisha mkono ubaoni. Basi wapo watu ambao wakiona kitambaa chao kimetoka na weupe hufurahi, wakasugua kwa nguvu zaidi, wakidhani wanautoa uchafu. Ule si uchafu. Ni gari lenyewe wanaloliondoa kwa kitambaa.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba methali yetu ina sharti ambalo hatulisemi. Kusafisha si kitu kilekile na kutunza. Kila usafishaji hula kidogo kile kinachosafishwa. Nguo hufa kwa kufuliwa kuliko kwa kuvaliwa, sufuria huchakaa kwa kusuguliwa kwa mchanga, na gari hupoteza rangi mikononi mwa mwoshaji kuliko njiani. Kwa hiyo asafishaye pasipo haja anaharibu, hata kama moyo wake ni mwema. Na asafishaye kwa hasira au kwa haraka anaharibu zaidi.

Je, rafiki yangu alikuwa na haki basi, kwamba gari liachwe na vumbi lake? Nusu ya haki alikuwa nayo. Lakini upo uchafu mwingine, na huo hauna uvumilivu wa vumbi. Kinyesi cha ndege kina asidi, na chini ya jua la mchana kinaweza kuacha alama isiyofutika ndani ya saa chache tu. Utomvu wa miti huganda na kung'ang'ania. Wadudu wanaopondeka mbele ya gari katika safari ya usiku huoza na kuula uso wa rangi. Tope lililojificha chini ya matao ya magurudumu hushika unyevu na kualika kutu. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wana chumvi ya bahari, ambayo hairuhusu hata mkwaruzo mmoja kukaa wazi bila kuanza kuuliza bati maswali.

Na hapa, msomaji wangu, kuna jambo lililonifanya niandike insha hii. Vumbi jekundu juu ya gari jeupe hupiga kelele. Mtu aliye upande wa pili wa barabara analiona, anacheka, na mwenye gari anaona haya. Kinyesi cha ndege juu ya gari jeupe hakionekani. Ni cheupe juu ya weupe. Unaweza kupita kando yake mara kumi usikione, huku kikiendelea na kazi yake. Yaani uchafu unaotuaibisha mara nyingi hautudhuru, na uchafu unaotudhuru mara nyingi hautuaibishi. Sisi binadamu kwa kuwa tunaongozwa na haya kuliko maarifa, nguvu zetu zote huenda kwa ule wa kwanza.

Nitatoa mfano usiohusu magari. Katika miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, nilifundisha katika shule moja ya msingi ya kijijini ambayo haina haja ya kutajwa. Kila Jumatatu mkuu wa shule alikagua usafi mstarini. Sare ilikuwa shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu, kama ilivyo katika shule nyingi hadi leo, na mtoto ambaye kola yake ilionyesha wekundu wa vumbi alirudishwa nyumbani akafue. Wengine walitembea kilomita tano kwenda na tano kurudi, na siku ya masomo ikawa imekwisha. Alikuwapo msichana mmoja wa darasa la tano ambaye hakurudishwa hata mara moja. Shati lake lilikuwa jeupe kama pamba. Mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake mara kadhaa, akawaambia wamtazame.

Mwezi wa Julai msichana yule hakuonekana kwa wiki nzima. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa, nikaenda kwao. Nilimkuta amelala juu ya ngozi karibu na mafiga, anakohoa, amebanwa na kichomi, na bibi yake ameketi kando yake. Bibi akanieleza bila kulalamika. Mtoto alikuwa na shati moja tu. Kila jioni alilifua, akalianika juu ya moshi wa jikoni, na usiku wa Julai kwetu ni wa baridi, nguo haikauki. Alfajiri alilivaa likiwa bado na maji, akatembea nalo hadi shuleni. Bibi akalitoa shati lile akanionyesha. Nililiinua mlangoni penye mwanga, nikaona nje kupitia kitambaa. Kola ilikuwa imesuguliwa juu ya jiwe hadi nyuzi zikabaki kama nyavu. Doa halikuwapo hata moja.

Mtoto alitibiwa katika zahanati, akapona. Sisi walimu tulichanga tukamnunulia shati la pili. Ukaguzi haukufutwa, lakini baada ya mazungumzo marefu katika kikao ilikubaliwa kwamba walimu wa madarasa nao wapite mstarini, wawatazame watoto wenyewe: macho, pumzi, miguu. Wale waliokuwa na kola nyekundu, wengi wao walikuwa na afya tele. Tangu hapo kila nionapo weupe usio na doa, moyo wangu hauridhiki upesi. Huuliza kwanza umepatikana kwa gharama gani, na nani aliyelipa.

Basi nirudi kwenye gari, niseme jinsi ninavyofanya, kwani maadili yasiyofika mikononi ni maneno matupu.

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, nalizunguka gari nikiwa na kitambaa laini na chupa ya maji. Silitafuti vumbi. Natafuta vile vidogo vyenye madhara. Nikiona kinyesi cha ndege, sikikwangui. Nakilaza chini ya kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa hadi kilainike, kisha nakiinua bila kusugua. Kazi yote haizidi dakika tano, na maji yake hayafiki lita moja.

Kuosha gari zima nafanya mara moja kwa wiki mbili, au tatu wakati wa kiangazi, tena kivulini na bati likiwa baridi. Natumia lita 40 tu. Ishirini za kwanza zimo katika vimwagilio viwili vya bustani: cha kwanza ni cha kulainisha na kuteremsha mchanga kabla mkono wangu haujaligusa gari, cha pili ni cha kusuuza mwishoni. Lita 20 nyingine nazigawa katika ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sifongo, ili mchanga nilioutoa mlangoni nisiupeleke kwenye bonneti. Naanza juu nashuka chini, kwa mistari iliyonyooka na si kwa kuzungusha. Magurudumu ni ya mwisho, na yana kitambaa chake ambacho hakigusi mahali pengine. Sabuni ya unga ya kufulia siitumii, maana huondoa nta yote iliyopakwa kwa kulinda rangi. Wala sifuti bodi kwa mafuta ya taa kama wafanyavyo wengine ili ling'ae, kwa kuwa mng'ao huo ni wa saa moja, na baada ya hapo vumbi hunata kama nzi kwenye asali. Mwisho nalikausha kwa taulo laini kabla maji yetu magumu hayajaacha viduara vyake.

Juu ya kulinda, kila miezi mitatu napaka nta. Kwa muda nilijiuliza kwa nini tusitumie nta ya nyuki, ambayo Tabora inasifika kwayo. Sababu ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na kabla ya hapo huwa laini, ikakamata vumbi. Nta ya carnauba, itokanayo na majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, huhitaji zaidi ya nyuzi 80. Bonneti ya gari jeusi juani inaweza kupita nyuzi 60. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya joto, nayo ni faida mojawapo ya rangi hii ambayo watu huisahau wanapoogopa madoa. Nta haimzuii ndege kutua. Kazi yake ni kupata hasara kwa niaba ya rangi: asidi huila nta kwanza, nami nampaka mlinzi mwingine mahali pa yule aliyekufa.

Hata ulinzi nao una mipaka yake. Nilipomwuliza kijana mmoja anayeosha magari karibu na soko kuhusu maturubai ya kufunikia magari, alinionyesha gari la mteja wake. "Shikamoo mwalimu. Hebu tazama hapa," akasema. Paa lilikuwa limefifia kama lililopigwa brashi ya waya. Turubai lilikuwa limefunikwa juu ya gari lenye mchanga, na upepo wa kiangazi ukawa unalisugua usiku kucha. Kivuli cha mwarobaini nacho ni kizuri, lakini ndege nao wanakipenda. Hakuna hifadhi isiyo na gharama. Mtunzaji mwema huchagua gharama anayoweza kuilipa, na huikagua.

Kijana huyohuyo alinieleza jambo jingine. Nilimwuliza kwa nini hutumia kitambaa kimoja kwa magurudumu na paa. Hakukasirika. "Mwalimu, najua. Lakini mteja anataka dakika kumi, na anataka likiondoka ling'ae. Mikwaruzo ataiona mwakani, na mwakani ataosha kwa mtu mwingine." Sijasikia maelezo bora zaidi ya ugonjwa huu katika semina yoyote ya maadili niliyohudhuria. Tunawalipa watu watuondolee aibu, hatuwalipi watuondolee madhara, kisha tunashangaa kwamba kazi zao hazidumu.

Imebaki hoja ya pili ya rafiki yangu, ile ya foleni ya akina mama, nayo ndiyo nzito zaidi. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu. Wataalamu huhesabu kwamba mtu mmoja huhitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili kuishi kwa afya na usafi. Mpira wa maji wa kawaida hutoa kati ya lita 10 na 20 kwa dakika. Anayeosha gari kwa mpira kwa dakika kumi tu amemwaga chini mahitaji ya siku ya mtu mmoja, pengine ya watu wawili au watatu. Lita zangu 40 ni afadhali, na baada ya kuosha nayanyunyiza maji yale machafu uani ili kutuliza vumbi. Lakini lita 40 ni ndoo mbili, na mwanamke aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri anaijua ndoo mbili ni nini kichwani. Siwezi kumwambia kwamba nina mbinu nzuri na nikadhani nimemjibu.

Jibu nililolifikia ni la kiasi. Maji ninayoyatumia kuzuia madhara naweza kuyatetea mbele yake, kwa sababu gari hilo ndilo lililompeleka binti yake hospitali, na likifa hakuna jingine katika mtaa wetu. Maji ninayoyatumia kuondoa aibu siwezi kuyatetea. Kwa hiyo nimejiwekea sheria. Maji yanapokuwa ya mgawo, hasa miezi ya Septemba hadi Novemba, sioshi gari kabisa. Naendelea na mzunguko wangu wa asubuhi na chupa yangu ya lita moja, basi. Vumbi linakaa. Kufikia mwisho wa Oktoba gari jeupe la mwalimu huwa jekundu, na watoto huandika majina yao kwenye kioo cha nyuma. Nawaomba tu wasiandike kwenye bati, kwa sababu ya kwatzi.

Sheria hii si rahisi kuishika. Mwaka jana, katika majira hayohayo, nilialikwa harusini kama mgeni rasmi. Pale uwanjani yalipangwa magari yaliyokuwa yaking'aa, na langu likaja kama limetoka kuchimbuliwa. Kijana wa mapokezi hakujua ni la mgeni rasmi, akanielekeza nyuma ya jengo, karibu na jenereta. Nikaegesha huko. Mke wangu, ambaye alivaa vizuri sana siku ile, hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na alipolisema halikuwa la sifa. Sikuona kwamba alikosea. Heshima nayo ni mali ya familia, si yangu peke yangu ya kuitumia nipendavyo, na jambo hili bado tunalizungumza.

Kwa hiyo simwambii msomaji aache uchafu ukae. Namwomba, kabla hajanyanyua kitambaa, awe ni mzazi, mwalimu, kiongozi wa dini au mwenye gari, ajiulize anachotaka kukiondoa kinamdhuru nani. Kikiwa kinadhuru, akiondoe mapema, kwa maji kwanza na mkono mwepesi. Kikiwa kinamwonea haya yeye tu, angoje mvua. Huku kwetu huja Desemba.